Ripita Mpya au ya Mtumba? Kipya Kinyemi Ingawa Kidonda

Hapa Nairobi hakuna anayehitaji kufundishwa habari za mitumba. Shati la ofisini linatoka Gikomba, viatu vya watoto vinatoka Toi, kompyuta ya mwanafunzi ni ile iliyokwisha kutumika Uingereza, na gari la baba lilitembea Japani miaka kadhaa kabla ya kushushwa bandarini Mombasa. Tumezoea kugeuza nguo ndani nje, kukagua mshono, kisha kubishana bei. Lakini kuna vitu ambavyo hata ukivigeuza vipi havikuonyeshi ugonjwa wao, na barua niliyopokea juma hili inahusu kimojawapo.

Baba mmoja wa Muthangari anaandika kwamba binti yake, aliye chuo kikuu, ni mwanachama wa kikundi cha wapenzi wa redio ya ridhaa. Kwa miaka miwili vijana hao wamekuwa wakichanga, na wazazi na majirani wakawaunga mkono, ili wanunue mtambo uitwao ripita. Sasa pesa zimetosha na nyumba imegawanyika. Binti amepata tangazo la mtambo uliokwisha kutumika Marekani, wenye nguvu nyingi na bei nafuu. Baba anashikilia kuwa pesa za watu hazinunuliwi mtumba: kinunuliwe kipya, chenye waranti, na risiti ihifadhiwe. Mama ameamua kunyamaza. “Tuamulie,” anamalizia mzee huyu, “kwa maana chakula cha jioni sasa kinaliwa kimya kimya.”

Mzee wangu, nitajaribu. Lakini kwanza tuwaeleze wasomaji wengine mnabishania nini.

Mtambo unaosikia na kusema papo hapo

Redio ya ridhaa ni shughuli ya watu wenye leseni ya kurusha mawimbi, si kwa biashara wala kwa mshahara, bali kwa kujifunza, kuzungumza na wenzao wa mbali na kusaidia wakati wa dharura. Kila mmoja hupewa jina la hewani. Majina ya Kenya huanza na 5Z4, ya Tanzania na 5H, na ya Uganda na 5X. Chama chao hapa nchini ni Amateur Radio Society of Kenya, ambacho ni mwanachama wa umoja wa kimataifa wa vyama hivyo. Kenya ina nafasi pia katika mtandao wa vituo 18 vya ishara vilivyotawanywa duniani kote. Cha kwetu huitwa 5Z4B, na kwenye masafa ya megahezi 14.100 zamu yake ni sekunde 10 katika kila dakika tatu. Hutaja jina lake na kutoa mlio kwa wati 100, kisha milio mingine kwa wati 10, wati 1, na mwisho sehemu moja tu ya kumi ya wati. Mtu aliye Brazili au Japani akiusikia ule mlio wa mwisho, anajua kwamba siku hiyo njia ya kuelekea Afrika Mashariki iko wazi.

Hayo ni mawimbi ya masafa ya chini, yanayoruka kwa kugonga tabaka za juu za anga. Ripita ni jambo jingine. Inahusu mawimbi ya megahezi 144 hadi 146, yanayotumiwa na simu ndogo za upepo za mkononi, na haya hupenda kwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Aliyeko Muthangari anajua mtihani wake. Upande wa magharibi wa jiji ni migongo na mabonde, vijito vinashuka kuelekea mtoni, na siku hizi Kileleshwa, Kilimani na Westlands kumeota maghorofa kama uyoga. Kijana aliye bondeni na simu ya wati 5 anaweza kushindwa kumfikia mwenzake aliye kilomita nne tu upande wa pili wa jengo.

Dawa yake ni kuweka mtambo mahali pa juu, uwasikie wote walio chini na kuyarusha upya maneno yao kwa nguvu. Hesabu yake si ngumu. Chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4, na utapata takriban kilomita za upeo wake juu ya nchi tambarare. Antena iliyo juu ya paa, mita 9 kutoka ardhini, ina upeo wa kilomita kama 12. Iliyo mita 700 juu ya tambarare hupita kilomita 100. Ndiyo maana kila mtu wa redio akitazama Vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake kinapita mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, haoni mahali pa kwenda kutembea tu bali huona mlingoti.

Sasa sikiliza kazi yenyewe ilivyo ngumu. Ripita husikiliza kwenye masafa moja, tuseme megahezi 145.000, na wakati uo huo husema kwenye masafa ya pili, megahezi 145.600. Tofauti ni kilohezi 600 tu. Inatoa wati 50 na papo hapo inatakiwa kusikia mnong'ono wa simu ya mkononi kutoka Ongata Rongai. Ukilinganisha nguvu inayotoka na ule mnong'ono dhaifu kabisa ambao risiva nzuri huweza kuupokea, tofauti ni zaidi ya 1 ikifuatwa na sufuri 16. Ni kama kumtaka muumini apige adhana kwa kipaza sauti huku akisikiliza mbu anayepita nje ya msikiti. Kinachowezesha jambo hilo ni safu ya makopo ya chuma yanayoitwa dupleksa, ambayo huchuja masafa yanayotoka yasiingie kwenye sikio la mtambo. Dupleksa ikiwa mbovu, ripita hujiziba masikio yenyewe kila inapofungua mdomo.

Kwa hivyo swali lenu, mzee, si la sanduku moja. Kuna redio yenyewe, dupleksa, antena, waya wa kupanda juu, mtambo wa stima na betri. Kila kimoja kina jibu lake, na hapo ndipo wengi hupotea kwa kuuliza “mpya au mtumba” kana kwamba wananunua koti.

Anachokiona binti

Binti yako hakukurupuka. Mitambo mingi ya mtumba ilitengenezwa kwa ajili ya polisi, ambulensi, teksi na kampuni za umeme, yaani watu ambao hawawezi kungoja. Ina mapezi manene ya kupoza joto na imekusudiwa kusema saa nzima bila kupumzika. General Electric MASTR II na Motorola Micor ni mitambo ya miaka ya 1970, na bado inasifiwa na mafundi wa ridhaa kwa jinsi ilivyojengwa. Iliyofuata baadaye, kama vile Motorola MTR2000, nayo imeingia katika soko la mtumba.

Kuna sababu nyingine ya soko hilo kujaa. Serikali ya Marekani iliwaamuru watumiaji wa redio za kazi waliopo chini ya megahezi 512 wapunguze upana wa kila mkondo kutoka kilohezi 25 hadi 12.5 ifikapo Januari 1, 2013. Mitambo ambayo haikuweza kubadilishwa ilitolewa kazini ingawa ilikuwa mizima. Haikuacha kazi kwa uzee bali kwa sheria, kama mwalimu anayestaafishwa angali na nguvu zake.

Hadi hapo binti anashinda. Lakini asishangilie bado.

Mitego ya mtumba wa ng'ambo

Mtego wa kwanza ni stima. Stima ya Marekani ni volti 120 na hupiga mara 60 kwa sekunde, lakini yetu ni volti 240 na hupiga mara 50. Wengi husema, “Si neno, nitanunua transfoma ya kushusha.” Transfoma hiyo hushusha volti, haibadilishi mapigo. Mitambo kama MASTR II na Micor ya vituo ilitoka kiwandani ikiwa na mtambo wa stima wa aina ya pekee, ambao transfoma yake imefungwa pamoja na kapasita na kupatanishwa na mapigo 60. Ukiupa mapigo 50 volti zake hushuka na transfoma hupata joto. Suluhisho lipo: kuuondoa kabisa na kuilisha redio kutoka kwa betri au mtambo mpya wa volti 12. Lakini gharama hiyo haimo kwenye tangazo.

Mtego wa pili ni masafa. Redio za kazi nyingi ziliundwa kwa megahezi 150 hadi 174. Sisi tunataka 145. Nyingine huvutika hadi huko kwa kurekebishwa, nyingine hukataa katakata, au hukubali huku zikiwa kiziwi. Mitambo ya zamani zaidi huhitaji vipande vya kristali vilivyokatwa kwa masafa yako. Muuzaji aulizwe kwa maandishi: mtambo huu, kwa namba yake ya kiwandani, ni wa masafa gani hasa? Jibu la “utafanya kazi tu” ni mbuzi kwenye gunia.

Mtego wa tatu ni kuupa mtambo maagizo. Mitambo ya miaka ya 1980 na 1990 huagizwa kupitia programu ya kompyuta za zamani za DOS, nyaya ambazo haziuzwi tena, na kompyuta ya polepole ambayo hata duka la Luthuli Avenue lingeona haya kuiweka kwenye kioo. Mtambo mzuri usioweza kuambiwa masafa yake ni jiwe la kuzuia mlango.

Mtego wa nne ni uzee wenyewe. Kapasita zenye maji ya kemikali ndani hukauka, feni huchoka, vumbi hufunga njia za hewa, na viungo vilivyolehemiwa hupata nyufa zisizoonekana kwa macho. Mtambo kama huo huwaka vizuri mezani kwa dakika tano, ukafa saa tatu baadaye mlimani.

Mtego wa tano ni uzito na karatasi. Kabati la chuma lenye mtambo wa kituo si mzigo wa mtu mmoja. Nauli ya ndege inaweza kuipita bei ya mtambo, na bado kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Zaidi ya hayo, vifaa vya mawasiliano vinavyoingia nchini vinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo ofisi zake ziko Waiyaki Way, si mbali na kwenu Muthangari. Vijana waende huko kabla ya kutuma hata shilingi moja, waulize kuhusu leseni, masafa ya ripita na idhini ya mtambo wanaoutaka, na waondoke na jibu la maandishi.

Anachokiona baba

Na wewe, mzee, una hoja. Mtambo mpya ni mdogo, hunywa stima kidogo, huagizwa kwa kompyuta ya kisasa, na hauji na siri za mtu mwingine. Ikiwa Yaesu, Icom, Hytera au Motorola ndiyo inayokuuzia, kuna kitabu cha maelezo na vipuri kwa miaka kadhaa. Mtambo kama Yaesu DR-2X hukubali sauti ya kawaida na ya kidijitali pia.

Hata hivyo, kipya nacho kina maswali yake. La kwanza, je, kimeumbwa kusema mfululizo? Baadhi ya “ripita” za bei ya chini ni redio mbili za gari zilizofungwa ndani ya sanduku moja. Redio ya gari hutarajiwa kusema kidogo na kusikiliza sana. Ukiilazimisha kusema nusu saa kwa nguvu zote, hupata homa na kuungua. Akishapata ya namna hii, mwenye busara huipunguzia nguvu mpaka nusu au chini ya hapo na kuiongezea feni.

La pili, waranti inadaiwa wapi? Karatasi ya mwaka mmoja inayokutaka urudishe mtambo ng'ambo kwa nauli yako si waranti bali ni salamu. Ulizeni: ni fundi gani hapa Nairobi aliyeruhusiwa kuufungua, na vipuri hukaa siku ngapi njiani?

La tatu, je, watumiaji wataweza kuutumia? Ukinunua mtambo wa kidijitali mtupu, mwanafunzi mwenye simu ndogo ya Baofeng ya sauti ya kawaida atabaki nje ya mlango. Kadhalika, ukiufunga mtambo kwa mkondo mwembamba wa kilohezi 12.5 ilhali simu za wanachama zimewekwa upana wa 25, sauti zitakatika na kukwaruza, na kila mtu atailaumu ripita. Chama hujengwa na wengi wenye kidogo.

La nne ndilo kubwa. Kipya kinaweza kumeza pesa zote, na zikabaki za kununua waya hafifu na antena ya kubahatisha. Hapo umemvisha bwana harusi suti na kumwacha miguu mitupu.

Njia ya tatu

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Walijua jicho la binadamu linavyodanganywa na mng'aro. Ushauri wangu ni kuigawa orodha mara mbili.

Vitu hivi vinunuliwe vipya bila mjadala: waya wa antena, viungio vyake, betri, mtambo wa stima, feni na kinga ya radi. Waya wa mtumba ndio hatari kuliko vyote. Maji huingia kupitia ncha iliyopasuka, hutembea ndani, shaba ikabadilika rangi, nawe kwa nje huoni lolote. Na aina ya waya si jambo dogo. Kwa masafa yetu, mita 30 za waya mwembamba wa RG-58 hupoteza nguvu nyingi hivi kwamba kati ya wati 50 ulizolipia, kama wati 13 tu ndizo hufika juu. Waya mnene wa RG-213 wa urefu huo huo hufikisha zaidi ya nusu. Waya bora zaidi wenye ngozi ya shaba nzima hufikisha nyingi zaidi. Kumbuka pia kwamba hasara hiyo hulipwa mara mbili, maana mnong'ono unaoshuka hupita waya ule ule.

Antena nayo ni heri iwe mpya, isipokuwa mmejua ilikotoka na mmeipima. Jua la Ngong hula plastiki, upepo huilegeza, na kuipandisha na kuishusha mara ya pili ni siku nzima ya watu.

Kinachoweza kununuliwa mtumba kwa moyo mweupe ni dupleksa na kabati. Dupleksa haina kapasita za kukauka wala taa za kuungua. Ni makopo, fimbo na viungio. Ile iliyotunzwa miaka 30 hufanya kazi kama siku ya kwanza ikipatanishwa upya. Lakini ulizeni tofauti ya masafa. Dupleksa ndogo bapa za kwenye magari huhitaji nafasi ya megahezi 5 kati ya kusema na kusikia. Yetu ni kilohezi 600. Hiyo haitafaa hata ikitolewa bure. Inayofaa ni ile ya makopo makubwa, aghalabu sita, yenye masafa yanayoweza kuvutwa hadi 145. Na isipoteze nguvu kupita kiasi, kwa maana hasara ya desibeli 1.5 hugeuza wati 50 kuwa 35. Siku hizi kuna kipimo kidogo cha mkononi, NanoVNA, cha bei ambayo kikundi cha wanafunzi kinaweza kuimudu, na hicho huonyesha kwenye kioo jinsi kila kopo linavyochuja. Zamani kazi hiyo ilihitaji mashine ya maabara kubwa.

Imebaki redio yenyewe, na hapo uamuzi hautegemei mtambo bali watu. Je, kikundi kina mtu anayejua kulehemu, kusoma mchoro wa saketi na kupima, na atakayekuwa bado Nairobi mwaka ujao? Ninasisitiza “mwaka ujao” kwa sababu wanafunzi ni wapita njia. Fundi wenu akipata kazi Kisumu au Doha, mtambo unabaki yatima. Kama mna watu wawili wa namna hiyo na kitabu cha mtambo kipo, nunueni mtumba, na kama bei inaruhusu nunueni miwili ya aina moja, mmoja uwe ghala la vipuri. Kama hamna, nunueni mpya ya kiasi, hata iwe ya wati 25. Kutoka wati 50 hadi 25 mtumiaji hatatambua tofauti kubwa, bali kutoka paa la nyumba hadi kilimani ataitambua mara moja.

Usisahau betri

Stima hupotea hasa pale mnapoihitaji. Fanyeni hesabu hii kabla ya kuchagua. Tuseme mtambo mpya hutumia ampea 1 ukisikiliza na ampea 11 ukisema. Ikiwa kwa kila saa husema dakika 6, wastani wake ni ampea 2. Betri ya asidi ya ampea 100 kwa saa, ambayo kwa afya yake haifai kutumiwa zaidi ya nusu, itaubeba saa 25. Sasa chukua mtambo wa kale unaotumia ampea 3 ukisikiliza na 15 ukisema. Wastani wake ni zaidi ya ampea 4, na betri ile ile itadumu saa 12 hivi. Unafuu wa bei umekwisha kuliwa na betri ya pili.

Na si jambo la mchezo. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipoijaza mito ya Nairobi, watu walipoteza maisha na maelfu wakahama nyumba zao. Sisemi ripita huzuia mafuriko. Nasema kwamba siku za namna hiyo mtu aliye ng'ambo ya daraja lililofunikwa huhitaji kusikiwa hata kama mnara wa simu umezimika, na mtambo uliozoea kuzimika saa ya nne hautamfaa kitu.

Kabla ya kulipa

Ikiwa mtambo wa mtumba uko hapa nchini, usilipe kabla ya majaribio matatu. Kwanza, ufungwe kwenye mzigo wa kupimia badala ya antena, useme kwa nguvu zote saa nzima, na wati zisomwe kila baada ya dakika kumi. Zikishuka sana, kuna ugonjwa. Pili, risiva ipimwe kwa mashine kama inasikia mnong'ono uliotajwa kitabuni. Tatu, risiva ipimwe tena huku mtambo ukisema kupitia dupleksa. Ikiwa usikivu unapungua kila unaposema, hapo ndipo penye kazi. Muuzaji anayekataa majaribio haya amekwisha kukujibu.

Ikiwa uko ng'ambo, ombeni picha ya ndani, namba ya kiwandani na matokeo ya vipimo hivyo kwa maandishi. Ongezeni nauli, ushuru, VAT na gharama ya mtambo mpya wa stima, ndipo mlinganishe na bei ya mpya. Mara nyingi pengo lililoonekana kama bonde hugeuka kuwa mfereji.

Kisha wekeni akiba. Kati ya kila shilingi kumi, mbili zisiguswe. Kuna kodi ya mahali pa mlingoti, ruhusa ya urefu wake kutoka kwa mamlaka ya safari za ndege, waya wa athi, na siku ambayo radi itapiga.

Sasa nirudi kwenu. Mzee, naona hofu yako si mtumba. Ni jina la binti yako mbele ya majirani waliochanga. Hofu hiyo ni halali, lakini risiti ya kitu kipya haitamkinga ikiwa mtambo utazimika kwa waya mbovu. Kitakachomkinga ni hesabu iliyo wazi: orodha ya vitu vyote, bei tatu tatu kwa kila kimoja, matokeo ya vipimo, na mkutano wa waliochanga kabla ya kununua. Nawe binti, bei nafuu unayoiona ni ya sanduku, si ya ripita. Mwonyeshe baba jumla yote na umtajie kwa jina mtu atakayeutengeneza mtambo ukiharibika. Ukiweza kumtaja, ushindi ni wako, na baba akubali. Usipoweza, mpya ya wati chache ndiyo yenu, na dupleksa ya makopo ya mtumba iliyopimwa vizuri.

Tena nawashauri mwalike mama kwenye hesabu hiyo. Mtu anayenunua sokoni kila juma na kujua nyanya iliyooza kwa kuigusa tu hawezi kukosa la kusema kuhusu mtumba.

Jumapili njema.